Fundi hodari amekuwa shefu na kazi imeharibika: tuanzie wapi?

Mwongozo huu ni wa wenye kampuni, wakuu wa wafanyakazi na wote waliokabidhiwa ekipe (kikundi cha wafanyakazi) hapa Lubumbashi, iwe ni gereji ya Kampemba, wakala wa forodha anayepitisha malori Kasumbalesa, shule ya Katuba au kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya mgodi wa wengine. Shida inafanana kila mahali. Mtu aliyesifiwa na wote anapewa ekipe. Miezi michache inapita, ekipe inayumba, yeye mwenyewe anakonda, na mwenye kampuni anaanza kusema amekosea mtu.

Mara nyingi hakukosea mtu, alikosea sababu ya kumpandisha. Cheo kilitolewa kuwa shukrani kwa kazi iliyokwisha kufanyika, kumbe ni kazi nyingine kabisa, ambayo aliyepewa hajawahi kuifanya na hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo usianze kutafuta atakayekaa nafasi yake. Soma dalili kwanza, kwa sababu kila dalili ina chanzo chake, na dawa ya moja yaweza kuzidisha nyingine.

Kabla ya dalili yoyote: fungua faili lake

Tafuta barua ya uteuzi, uisome polepole. Nyingi zilizopita mikononi mwangu zina mistari michache tu: jina, cheo kipya, tarehe, mshahara, na sentensi ya kumtakia mafanikio. Hazisemi anasimamia watu gani, anaruhusiwa kuamua nini bila kuomba ruhusa, anatoa ripoti kwa nani, wala atapimwa kwa kitu gani. Kama barua yake ni ya namna hiyo, hitilafu ya kwanza umeshaiona. Kaeni pamoja muandike ukurasa mmoja unaojibu maswali hayo manne, nyote wawili mtie sahihi.

Kisha jiulize: kazi aliyokuwa akiifanya zamani sasa inafanywa na nani? Jibu likiwa "bado ni yeye", huna haja ya kwenda mbali. Amebeba kazi mbili, na ile anayoijua ndiyo itakayokula muda wa ile asiyoijua.

Dalili ya kwanza: shefu yuko chini ya gari

Hii ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi, na ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu inawapata watu wenye bidii.

Ni saa mbili asubuhi gerejini. Giaboksi ya lori imefunguliwa. Shefu mpya amelala chini yake, grisi mpaka kwenye viwiko, na mafundi wanne wamesimama pembeni, mmoja ameshika tochi, mwingine spana, wawili wameshika viuno. Kwenye kile kiofisi chake, juu ya meza, karatasi ya kuomba vipuri depo inasubiri sahihi yake tangu jana. Uani kuna malori mawili ambayo hayawezi kuguswa mpaka karatasi hiyo itoke. Kijana wa getini anakuja tena: "Shefu, mwenye gari iko anauliza." Sauti inatoka chini ya lori: "Angoje kidogo, niko namaliza."

Ukimtazama utasema ni mchapakazi. Kwa kweli gereji nzima imesimama kwa ajili ya giaboksi moja.

Vyanzo vinaweza kuwa vitatu, na ni muhimu kujua ni kipi. Huenda anakimbilia mahali anapojiamini. Chini ya lori hakuna anayemshinda, lakini mezani hana hakika na lolote. Huenda haamini mikono ya wengine, na hapo uliza kama waliwahi kufundishwa kazi hiyo au kila mara walishika tochi tu. Chanzo cha tatu wenye kampuni hawapendi kukisikia: ni wewe unayempigia simu. Gari la mteja mkubwa likiharibika, unamwita yeye kwa jina, kama ulivyozoea. Pitia simu zako za wiki iliyopita uhesabu ni mara ngapi ulimwomba atengeneze kitu kwa mikono yake, na ni mara ngapi ulimuuliza ekipe inaendeleaje.

Marekebisho yake si magumu, ila yanataka uvumilivu. Kwa mwezi wa kwanza, panga saa za asubuhi ambazo hashiki spana kabisa: anagawa kazi, anatia sahihi, anapita kwa kila fundi kuuliza amekwama wapi. Baada ya hapo anaruhusiwa kushika chombo kwa sharti moja, awe anamfundisha mtu. Badilisha pia swali lako la jioni. Ukiuliza "umetengeneza magari mangapi?", atarudi chini ya lori. Ukiuliza "nani leo amefanya peke yake kitu ambacho wiki jana hakukiweza?", ataanza kutafuta jibu la swali hilo.

Anayedhani kwamba shefu lazima awashinde wote kwa ufundi, asome walichokipata Google walipochunguza mameneja wao wenyewe kuanzia mwaka 2008. Walipata tabia nane zinazomtofautisha meneja mzuri. Ujuzi wa kiufundi ulikuwemo, lakini ulikuwa wa mwisho kati ya hizo nane. Juu yake walikuta mambo kama kumlea mfanyakazi katika kazi yake, kumwachia nafasi bila kumbana kila hatua, na kumsikiliza. Na hiyo ni kampuni ya wahandisi watupu.

Dalili ya pili: wenzake wa jana hawamsikii

Anatoa agizo, wanacheka. Anayechelewa haombi radhi. Mmoja anasema kwa sauti ya kusikika: "Huyu si tulikuwa tunakula naye bukari hapa hapa?"

Kwanza angalia alitangazwaje. Kama barua alipewa ofisini kimyakimya na wenzake wakapata habari kwa fununu, basi kwa macho yao alijipandisha mwenyewe, au alipandishwa kwa mlango wa nyuma. Mwenye mamlaka aje mbele ya ekipe nzima aseme kwa kinywa chake: kuanzia leo huyu ndiye anayegawa kazi, anayeidhinisha ruhusa na anayetoa onyo. Aseme pia kwa nini alichaguliwa. Hili halina gharama yoyote, na hata hivyo watu wanaliruka.

Pili, angalia kama unamkata mwenyewe. Fundi aliyenyimwa ruhusa na shefu wake anakuja kwako, nawe unampa. Ukifanya hivyo mara mbili, kila mtu atajua njia ya kwako.

Kuna hali moja nyeti zaidi, nayo ni ya umri. Katika vituo vya afya utakuta muuguzi kijana amewekwa kuwasimamia wamama waliozalisha nusu ya mtaa. Kwenye mashimo utakuta mhandisi aliyetoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi juzi anawaongoza wababa waliokuwa wakichimba kabla hajazaliwa. Kijana akiamrisha kwa ukali amekosa adabu. Akinyamaza, hana kazi. Wanaofanikiwa wanaanza na heshima halafu hawalegezi jambo lenyewe: "Papa, naomba leo muanze na pampu ya pili. Ile ya kwanza tutaiangalia mchana pamoja." Mzee anaitwa Papa na anaombwa, lakini pampu iliyochaguliwa haibadiliki, na saa ya kuangalia matokeo imeshatajwa. Maneno ya namna hiyo yanafundishika. Itaneni, mfanye mazoezi mkiwa wawili, mmoja awe mzee mkaidi.

Ikiwezekana, usimpe mtu ekipe aliyotoka. Mpeleke kwenye zamu nyingine au eneo jingine kwa mwaka wa kwanza. Kampuni ndogo haiwezi kufanya hivyo, najua. Basi angalau msaidie kupata mazungumzo ya faragha na yule mwenzake ambaye naye alikitaka cheo hicho. Kwa kawaida upinzani wote unaanzia kwa huyo mmoja.

Dalili ya tatu: kelele, vitisho, na barua za onyo kila wiki

Mtu aliyekuwa mpole amegeuka simba. Usiharakishe kusema kwamba cheo kimempanda kichwani. Mtu asiyefundishwa kuongoza huiga shefu pekee aliyewahi kumwona. Katanga ina urithi mzito wa hilo. Tangu enzi za Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, aliyesimama kati ya mzungu na wafanyakazi alikuwa kapita, na alitakiwa kuhakikisha watu wamefika na kazi imetoka. Neno kapita bado liko midomoni mwetu, na sura yake bado iko vichwani.

Jinsi ya kupima: muulize akutajie shefu mmoja aliyewahi kumsaidia akue. Akikosa wa kumtaja, chanzo umekipata. Mpe wa kumtazama: mwezi mzima akae karibu na msimamizi mwingine mnayemheshimu, aone anavyomkosoa mtu pembeni badala ya mbele ya watu. Onyo la maandishi lisitoke bila kupitia kwako kwa miezi mitatu ya mwanzo. Akiendelea kutukana watu baada ya kufundishwa, hilo si suala la mafunzo tena, lipeleke kwenye nidhamu.

Dalili ya nne: karatasi hazisogei

Daftari la mahudhurio lina mapengo, ripoti ya mwezi haijaja, likizo zimegongana. Hili ni jepesi. Hajui kazi ya meza, na kazi ya meza inafundishika kwa wiki chache. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, ipo hapa mjini, na kazi yake ni pamoja na kuwaongezea ujuzi watu walio tayari kazini. Waajiri wanailipia mchango unaopimwa kwa mishahara, kati ya 1% na 3% kulingana na ukubwa wa kampuni. Kwa maneno mengine, unachangia mafunzo kila mwezi, uwe unayatumia au huyatumii. Nenda kaulize wana nini kwa ajili ya wasimamizi.

Dalili ya tano: kila unayempandisha anashindwa

Wa kwanza alishindwa, wa pili akashindwa, wa tatu naye anaelekea huko. Hapo acha kuwachunguza watu. Chunguza mlango wanaoingilia.

Jambo hili halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1969 Laurence Peter, mwalimu mzaliwa wa Kanada, alieleza kwamba mtu anayefanya vizuri hupandishwa, akifanya vizuri tena hupandishwa tena, mpaka afike pale asipoweza, na hapo ndipo anapobaki. Nusu karne baadaye, mwaka 2019, wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha uchunguzi wao juu ya wauzaji wa makampuni mengi ya Marekani. Walikuta kwamba aliyeuza zaidi ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kufanywa meneja, na kwamba mauzo yake makubwa ya zamani yalikwenda sambamba na kushuka kwa kazi ya wale aliowasimamia. Huko Uingereza, mwaka 2023, taasisi ya mameneja iitwayo CMI ilitangaza kwamba 82% ya wanaoingia kwenye usimamizi hawakuwa wamepata mafunzo rasmi ya kazi hiyo. Mpenzi yeyote wa Mazembe anajua kwamba mfungaji bora si lazima awe kocha bora. Kazini tunasahau.

Kwa nini tunasahau? Katika sehemu nyingi za kazi hapa kwetu naona mshahara ndio mzizi. Ngazi zetu zinajulikana: kibarua, fundi wa kiwango cha kati, fundi kamili, fundi wa juu, msimamizi, kadre (mtu wa uongozi). Fundi akifika juu ya ngazi yake, hakuna nyongeza ya maana iliyobaki isipokuwa kumvusha aitwe msimamizi. Mwenye kampuni hataki kumpoteza. Kampuni jirani, njia ya Likasi, imemtolea macho. Basi anampa cheo ili ampe pesa. Fundi naye ana watoto shuleni, hawezi kukataa. Siku hiyo hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mtu huyu anataka kuongoza watu.

Suluhisho lake ni kutenganisha pesa na ekipe. Tengeneza ngazi ya fundi mkuu: mshahara sawa na wa msimamizi, heshima sawa, kiti kwenye mkutano wa Jumatatu, lakini hasimamii mtu. Kazi yake ni magari magumu na kufundisha vijana. Wenye kampuni wananiambia ni gharama. Nawaambia wahesabu malori yaliyosimama uani kungoja sahihi.

Mzizi wa pili ni haraka. Sheria ya madini ya Julai 2002 ilifungua milango, makampuni yakaja, na kila moja lilihitaji wasimamizi jana si kesho. Wakati huohuo Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyokuwa imetoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilikuwa imeanguka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi wake 10,000 wenye miaka mingi ya kazi waliondoka kwa ule mpango wa kuacha kazi ulioitwa wa hiari. Wengi tunakumbuka uchungu wa familia, na ni haki tukumbuke. Lakini kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana: waliondoka pia wasimamizi waliokuwa wakiwalea wasimamizi. Kijana aliyeanza kazi mwaka 2006 alipandishwa na watu ambao wenyewe hawakulelewa. Kisha sheria ya Februari 2017 ikazihifadhia kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo kazi za ukandarasi mdogo, yaani zile ambazo kampuni kubwa inazitoa kwa nyingine. Hilo ni jema, naliunga mkono kwa moyo wote. Ila kampuni yaweza kutoka watu 12 hadi 90 kwa mkataba mmoja tu, na mashefu wanatafutwa usiku kwa simu.

Ukijua mkataba unakuja, anza kuwaandaa watu kabla haujatiwa sahihi. Chagua wawili watatu, wape vipande vidogo vya kuongoza: mmoja apange likizo, mwingine aendeshe kikao cha usalama cha asubuhi.

Mzizi wa tatu tunausema kwa sauti ya chini: ndugu, mtoto wa nyumbani, aliyeletwa na mkubwa. Hapa mafunzo peke yake hayatoshi. Ekipe nzima inajua alivyoingia, na hata akiongoza vizuri itamchukua muda mrefu kuaminiwa. Kama huwezi kumwondoa, mpitishe kwenye majaribio yaleyale ya wengine, hadharani, na matokeo yaandikwe.

Dalili ya sita: walio bora wanakataa cheo

Waulize hesabu zao, watakuonyesha. Mara nyingi akishaitwa kadre saa za ziada hazihesabiwi tena, simu inalia usiku, na nyongeza ni ndogo kuliko alichokuwa akipata kwa saa hizo. Mtu anayekataa hapo ana akili timamu. Rekebisha hesabu kwanza, halafu urudi kumwomba.

Kumrudisha nyuma bila kumvunja

Umejaribu yote na bado haiwezekani. Makampuni mengi yana njia mbili tu hapo: kumwacha aharibu au kumfukuza, na kwa kumfukuza unampoteza pia yule fundi hodari uliyekuwa naye. Njia ya tatu inafaa iandaliwe siku ya uteuzi. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inaruhusu kipindi cha majaribio kwa anayeajiriwa: kisichozidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine, na lazima kiandikwe. Waajiri wanakikumbuka kwa mgeni, wanakisahau kwa mtu wao anayehama kutoka spana kwenda mezani. Wekeni makubaliano ya maandishi: ukaimu wa miezi sita, posho yake, na haki ya pande zote mbili kurudi kwenye kazi ya awali bila kushushwa mshahara wa msingi. Yaonyeshe kwanza kwa anayejua sheria na kwa wajumbe wa chama cha wafanyakazi.

Ukifika wakati wa kusema, sema wewe mwenyewe, mkiwa wawili, mlango umefungwa. "Papa, nilikupa kazi hii bila kukuandaa, na hilo ni langu. Mikono yako naihitaji kuliko sahihi yako. Nataka uwe fundi mkuu, vijana wawili wakae kwako wajifunze giaboksi." Halafu utangaze mbele ya ekipe kwa heshima ileile uliyomtangazia ushefu. Nimewaona wanaume waliotoka kwenye kikao cha namna hiyo wakiwa wamepumua kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Uteuzi ujao

Njia rahisi ya kumpima mtu ni likizo ya shefu aliyepo. Mkabidhi ekipe kwa muda wote wa likizo hiyo, ukiwa na barua inayosema anaweza kuamua nini, na usiingilie. Shefu akirudi, waulize watatu: mwenyewe, shefu, na mfanyakazi mmoja wa chini kabisa. Mwenyewe muulize ni saa gani za siku alizozipenda. Akikueleza magari aliyoyatengeneza, ni fundi mkuu huyo. Akikueleza kijana fulani aliyekuwa akichelewa na alivyogundua kwamba mama yake anaumwa, wakapanga upya zamu yake, anza kumwandikia barua, na safari hii iwe na zaidi ya mistari mitano.